Sekunde Moja, Lunga Lunga

Stima ilikatika saa saba na dakika kumi usiku.
Barabara nzima ya Lunga Lunga ikanyamaza,
Andanje akabaki na unga mikononi
akihesabu gizani mikate ambayo bado haijawa.

Iliporudi, tulisikia kishindo kabla ya mwanga:
transfoma iliguna kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini,
swichi kuu ikaruka. Tap.
Giza tena. Mara ya tatu wiki ile.

Bwana Kerai alikuwa na jibu lake: tununue swichi kubwa zaidi.
Nikamwambia, huko ni kumpanulia mlevi koo.

Nieleze taratibu, maana chuoni sikuelezwa hivi.
Transfoma hii, iliyoletwa kwa ajili ya mashine za Kijapani
zisizokubali volti zetu,
ikiwa kazini hunywa ampea mia moja, kwa adabu.
Ikiamka vibaya hudai elfu, papo hapo,
na wala haijalisha mashine hata moja.
Yote ni ya tumbo lake.

Kwa sababu chuma hakisahau.
Stima ikikatika, usumaku haumwagiki wote;
kiasi fulani hubaki kimeng'ang'ania,
kimeelekea upande kilikoachwa,
kama godoro lenye umbo la aliyeamka.
(Mama yangu, kule Tala, bado hupanga vikombe vinne.)

Wimbi likirudi halina habari.
Huja na shehena yake, huipakia juu ya ile ya zamani,
chuma kinashiba, kinavimbiwa,
na waya unabaki peke yake mbele ya stima,
hauna wa kuutetea.

Sasa sikia kioja.
Ungedhani saa njema ya kuwasha ni wimbi likiwa sifuri,
pale chini, kimya, kama mlango uliorudishwa polepole.
La. Ajali iko hapo hapo.
Salama iko kileleni, volti zikiwa zimesimama wima,
na kutoka sifuri hadi kilele ni milisekunde tano.
Wahenga walituachia polepole ndio mwendo.
Kuhusu milisekunde tano hawakuacha neno.

Kipo kifaa cha kukiotea kilele hicho.
Bwana Kerai aliitazama bei,
akavua miwani, akaipangusa, akaivaa,
bei ikawa ile ile.

Jumamosi nikaenda Kariobangi, kwa Muthengi wa vyuma chakavu,
nikachagua koili tatu za oveni iliyokufa:
moja ya waya mwekundu, moja ya njano, moja ya buluu.
Nikazifunga njiani, stima ipite kwao kwanza,
ivue viatu, ipunguze pumzi.
Taima ihesabu sekunde moja,
kontakta ishike, iziruke koili, njia iwe nyeupe.
Sekunde moja tu. Koili zilizooka miaka kumi
hazipati hata nafasi ya kuwa vuguvugu.

Jumanne usiku stima ikakatika, kama desturi yake.
Ikarudi.
Nilikuwa nimeshika ukuta.
Klik.
Klik nyingine,
kisha ile sauti nzito ya chini, isiyo na ugomvi,
ya mtu anayetafuta ndara zake asubuhi.
Andanje hakuinua hata kichwa, aliendelea kukata donge.
Niliumia kidogo, kusema kweli.
Kazi ikifaulu hivi haina shahidi.

Kwenye mlango wa paneli nimeandika kwa kalamu nyeupe,
kwa fundi yeyote atakayekuja na haraka zake:

*Stima ikirudi, koma, subiri sekunde moja,*
*Kina deni hiki chuma, la jana bado langoja,*
*Ukiwasha kwa kuhema, kitadai kwa pamoja,*
*Hiyo taa ikisema, washa mashine za ngano.*